Muziki mpya wa klasiki na wa majaribio redioni: panga saa, bando na spika kabla ya kulaumu masikio

Wengi wanaoujaribu muziki huu huachana nao ndani ya dakika kumi, na mara nyingi kosa si la masikio yao wala la mtunzi. Wamefungulia katikati ya kazi ya dakika arobaini, kwenye spika ya simu, sauti ikiwa imebanwa mpaka imekauka, na hawajui kinachopigwa kinaitwaje. Hata taarab ingemshinda mtu kwa mtindo huo. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika kwanza na vitu vinavyorekebishika, kisha ndiyo tuje kwenye kusikiliza kwenyewe.

Kwa nini redio, wakati nyimbo zimejaa kila mahali mtandaoni? Kwa sababu muziki huu ulilelewa na redio. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Cairo, aliazima kwenye kituo cha redio mashine ya kurekodia sauti kwenye waya, akaenda kurekodi zar, ngoma ya kupunga pepo ambayo watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa ni kitu gani, kisha akaichezea sauti ile studio mpaka ukabaki zaidi mwangwi wake. Tarehe 5 Oktoba 1948 redio ya Ufaransa ilirusha kazi za Pierre Schaeffer zilizotengenezwa kwa kelele zilizorekodiwa, za treni na hata masufuria. Studio ya muziki wa kielektroniki ya redio ya Köln ilianzishwa 1951, ya Milano 1955, ya Warsaw 1957. Mpaka leo vituo vya umma vya Ulaya vinawalipa watunzi waandike kazi mpya na kurekodi matamasha yao, kama lile la Donaueschingen linalofanyika kila Oktoba. Kazi nyingi za aina hii hazifiki kwenye albamu. Zikipita redioni, zimepita.

Hatua ya 1: Chagua vituo vitatu vya kutegemea

Ukiandika "klasiki" kwenye programu yoyote ya redio za intaneti utaletewa Mozart na Vivaldi kutwa kucha. Tafuta kwa jina la kituo, na ndani ya kituo tafuta kwa jina la kipindi.

Cha kwanza ni WFMU ya Jersey City, Marekani. Si kituo cha klasiki. Kila mtangazaji anapiga anachotaka, na ndani ya zamu moja unaweza kukutana na violini, kelele tupu na santuri ya zamani isiyojulikana ilikotoka. Kinawekwa mbele hapa kwa sababu moja: orodha ya kinachopigwa huandikwa kwenye tovuti yao papo hapo, kazi baada ya kazi, na vipindi vilivyopita vinahifadhiwa. Anayeanza anahitaji jina la kazi kuliko anavyohitaji sauti safi.

Cha pili ni Deutschlandfunk ya Ujerumani, kwa ajili ya kipindi cha Atelier neuer Musik, ambacho nafasi yake ya miaka mingi ni Jumamosi saa 22:05 ya kwao. Maneno ni mengi na ni ya Kijerumani. Vumilia, majina ya watunzi yatakufikia.

Cha tatu ni Ö1 ya Vienna. Ina Zeit-Ton kwa muziki mpya, na Kunstradio, kipindi kilichoanza 1987 ambacho hakiishii kupiga muziki redioni: kinaifanya redio yenyewe kuwa ala.

Ukishazoea, ongeza France Musique kwa muziki wa kanda na spika nyingi, na Resonance ya London (104.4 FM, hewani tangu 2002) siku ukitaka kushangazwa. BBC Radio 3 ina New Music Show Jumamosi usiku, na ndicho kituo ambacho kila mtu atakutajia. Lakini programu ya BBC Sounds ilifungwa kwa wasikilizaji wa nje ya Uingereza mwaka 2025, hivyo aliye Mwanza au Mombasa asikifanye nguzo yake.

Hatua ya 2: Geuza saa, na uangalie siku

Hapa ndipo vipindi vingi hupotea. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Ulaya na Marekani hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Berlin na Vienna ziko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi yao na saa 1 wakati wa joto lao. London ni saa 3, kisha 2. New York ni saa 8, kisha 7. Ulaya hugeuza Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hugeuza Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati ya tarehe hizo hesabu ya Ulaya na ya Marekani haziendi pamoja, kwa hiyo Machi angalia kila wiki.

Chukua ile saa 22:05 ya Jumamosi huko Ujerumani. Mwezi wa Julai, Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa tano na dakika tano usiku, bado Jumamosi. Mwezi wa Januari itakuwa saa sita na dakika tano, na kalenda ya simu imeshahamia Jumapili. Ukiweka kengele ya "Jumamosi 00:05" umekosea kwa saa ishirini na nne nzima. Andika kwenye daftari kwa Kiswahili chetu, "usiku wa kuamkia Jumapili", halafu kwenye simu weka Jumapili 00:05. Aliye Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi apunguze saa moja kwenye saa za Dar. Aliye Muscat aongeze moja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bando

Zidisha kbps za mtiririko (kilobiti za sauti zinazokuja kila sekunde) kwa 0.45, upate megabaiti kwa saa. Mtiririko wa kbps 128 unakula MB 57.6 kwa saa, wa 64 unakula 28.8, wa 320 unakula 144. Gigabaiti moja kwenye 128 ni kama saa kumi na saba.

Kishawishi ni kushuka hadi 32 au 48 ili bando lidumu. Kwa taarifa ya habari hakuna neno. Kwa muziki huu ni hasara, na sababu ni hii: mitiririko ya chini namna hiyo kwa kawaida haitumi kabisa sauti za juu kama zilivyo. Inatuma maelekezo mafupi, na simu yako inazijenga upya kwa kukisia kutokana na sauti za chini. Sauti ya mwimbaji inastahimili ukisiaji huo. Kelele haistahimili, kwa kuwa haina mpangilio wa kukisiwa. Upinde unaokwaruza waya wa selo, matoazi yanayosuguliwa, mvua juu ya bati: vyote vinageuka maji yanayobwabwaja bombani. Na mtunzi wa kazi hizi mara nyingi ameiweka kazi nzima kwenye mkwaruzo huo. Usishuke chini ya 128 kwa MP3, au 96 kwa AAC, namna nyingine ya kubana sauti. Kama bando ni dogo, sikiliza saa moja kwa wiki iliyo safi badala ya saa nne zilizochuja.

Hatua ya 4: Weka programu sawasawa

Kwenye simu za Android, RadioDroid ni nyepesi, haina matangazo, na huonyesha kbps za kila mtiririko kabla hujaufungua. Kituo kimoja huwa na mitiririko mitatu minne; chagua kwa kbps. Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu uitoe programu hiyo kwenye kubanwa. Usipofanya hivyo, simu nyingi huizima kimyakimya dakika chache baada ya kioo kuzimika, nawe utadhani kazi imeishia pale.

Kwenye kompyuta tumia VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Bonyeza Ctrl+N, bandika anwani ya mtiririko, fungua chaguo za ziada, na pale penye akiba ya milisekunde 1000 andika 10000. Sauti itachelewa sekunde kumi kuanza, lakini mtandao ukiyumba kidogo hutasikia pengo.

Ukipewa faili lenye mwisho wa .m3u au .pls, hilo si muziki. Ni karatasi yenye anwani. Lifungue kwa programu ya kuandikia maandishi, nakili mstari unaoanza na http. Anwani iliyokuwa ikifanya kazi ikifa, mara nyingi kituo kimehamia https au kimebadilisha seva: rudi kwenye tovuti ya kituo chenyewe. Ukijibiwa 403, huenda umezuiwa kwa sababu ya nchi uliyopo, na kubonyeza tena hakutasaidia.

Hatua ya 5: Spika, chumba na sauti

Spika ya simu hufifisha karibu kila kitu kilicho chini ya hertzi 300 hivi. Chukua kazi za mtunzi Éliane Radigue, ambazo zinaishi kwa sauti ndefu zinazokaribiana. Sauti ya hertzi 100 na nyingine ya 101 zikilia pamoja hutoa mpigo mmoja kila sekunde, wimbi linalovimba na kunywea. Kwenye simu huo mpigo haupo, umebaki mvumo mwembamba wa nzi, na msikilizaji anasema "hakuna kinachotokea". Anasema kweli: kwenye simu yake hakuna.

Spika za masikioni za waya, hata za bei ndogo, zinatosha. Spika za bluetooth zina tatizo lake: baadhi hujizima zikidhani hakuna kinachopigwa, na muziki huu hushuka chini sana. Kwartet ya pili ya nyuzi, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya mtunzi Morton Feldman (1983) huchukua kama saa sita ikipigwa yote, na karibu yote ni ya taratibu na ya chini. Usiisikilize penye pangaboi.

Kiwango cha sauti kipange kwa mtangazaji. Akizungumza, asikike kama mtu mliyeketi naye meza moja. Kisha usiguse tena. Anayeongeza sauti kwenye sehemu ya kunong'ona ndiye anayeruka kitini tarumbeta zinapoingia.

Na kimya kikizidi? Usifunge. Januari 2004 BBC Radio 3 ilirusha 4′33″ ya John Cage, kazi ambayo wapigaji hawapigi chochote, na ilibidi waizime mitambo ya dharura inayoingia yenyewe hewani kukiwa kimya. Kujua kama kimya ni cha mtunzi au cha mtandao, kwenye VLC bonyeza Ctrl+I uangalie takwimu: data ikiendelea kuingia, kituo kipo. Kwenye simu tazama mishale ya data juu ya kioo.

Hatua ya 6: Soma ratiba hata kama hujui lugha

Maneno machache yanatosha. Kwenye ratiba ya Kijerumani, Uraufführung (hufupishwa UA) ni mara ya kwanza kabisa kwa kazi kupigwa. Ursendung ni mara ya kwanza kurushwa hewani. Auftragswerk ni kazi iliyoagizwa na kulipiwa. Aufzeichnung ni rekodi ya tamasha, na tarehe yake hufuata. Streichquartett ni violini mbili, viola na selo. Schlagzeug ni ngoma na vyote vinavyogongwa. Tonband ni kanda, Zuspielung ni sauti iliyorekodiwa inayopigwa pamoja na wapigaji walio jukwaani. Klangkunst si tamasha, ni sanaa ya sauti.

Kwa Kifaransa, création kwenye ratiba ya muziki maana yake ni onyesho la kwanza, si "uumbaji" kama mashine za kutafsiri zinavyokuandikia. Commande ni kazi ya kuagizwa. Bande ni kanda.

Hatua ya 7: Sikiliza

Anza na kitu kifupi. Kazi ya Schaeffer ya treni, Étude aux chemins de fer ya 1948, haifiki dakika tatu na hupigwa mara kwa mara kwenye vipindi vya historia. Alirekodi vichwa vya treni kwenye stesheni ya Batignolles, Paris, na hakuwa na kanda. Alifanya kazi kwa santuri, akifunga mfereji wa santuri ujizunguke ili kipande kimoja kijirudie.

Mara ya kwanza isikilize kama abiria. Aliyewahi kulala kwenye treni ya reli ya kati kwenda Kigoma anaujua mdundo wa magurudumu yakivuka maungio ya reli, na anajua kwamba treni haibadilishi mwendo ghafla: hupunguza, hulia, husukumana, ndipo ibadilike. Sasa irudie, safari hii ukihesabu mara ambazo mdundo unakatika na kuingia mwingine papo hapo, bila breki. Kila mkato wa namna hiyo ni mkono wa mtunzi. Ukifika mara ya tatu utaanza kusikia kuwa vipande vinajibizana, kimoja kinarudi baada ya kingine, na treni imeondoka kwenye mawazo. Hapo umeshausikia muziki.

Kwa kazi ndefu, weka daftari na uandike mambo matatu tu: ni sauti gani, imerudi dakika ya ngapi, imekoma vipi. Usiandike kama umeipenda. Hilo subiri kesho yake. Ukikuta umeingia katikati ya kazi, iache ipite bila kuihukumu, andika jina, uitafute kwenye kumbukumbu za kituo.

Kama sikio lako limekulia kwenye ngoma na marimba, usianzie Ujerumani. Anzia kwa Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye ujenzi wa kazi zake umekaa juu ya muziki wa Kiganda. Sehemu ya kwanza ya kwartet yake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba imerekodiwa na Kronos Quartet kwenye albamu ya Pieces of Africa (1992), na vituo vya Marekani na Ulaya vinaifahamu. Tega sikio jinsi wapigaji wanavyojazana nafasi, kama watu wanaoketi kuizunguka amadinda moja, marimba ya Kiganda. Kutoka hapo, Drumming ya Steve Reich (1971), aliyekwenda Ghana kujifunza ngoma mwaka 1970, haitakuwa ngeni.

Anayependa sauti za mji zaidi ya midundo aanze na KMRU wa Nairobi, jina lake Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji wa Kikuyu ambaye Kenya nzima inamjua. Albamu yake Peel ilitoka 2020. Yumo pia Nyokabi Kariũki, ambaye Kiswahili utakisikia ndani ya kazi zenyewe. Ukiona majina haya kwenye orodha ya WFMU au Resonance, sikiliza na kilichopigwa kabla na baada yao: mtangazaji hakuvipanga hivyo kwa bahati, na huo ndio msaada wa redio ambao mashine ya kukupendekezea nyimbo haikupi.

Hatua ya 8: Rekodi cha usiku, usikilize asubuhi

Saa sita usiku si saa ya kila mtu. Kwenye kompyuta yenye ffmpeg, programu ya kurekodi sauti kwa kuandika amri, amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -reconnect 1 -reconnect_streamed 1 -i ANWANI -t 3900 -c copy kipindi.mp3

Weka anwani ya mtiririko palipoandikwa ANWANI. 3900 ni sekunde, yaani dakika 65. Kwa kipindi cha dakika 55, anza dakika tano kabla ili ubaki na tano za mwisho, maana mtiririko huchelewa nyuma ya saa halisi na jina la kazi ya mwisho mara nyingi hutajwa ukingoni. Maneno -c copy yanazuia sauti kubanwa mara ya pili. Kama mtiririko ni AAC, faili limalizike kwa .aac, la sivyo programu itagoma. Kwa kbps 128 utapata faili la MB 62 hivi.

Makosa ya kawaida ni mawili. Kompyuta mpakato imelala kwa kuwa imefunikwa, na faili lina sekunde sifuri. Au umeme umekatika, ruta ikazima, kompyuta ikabaki na betri ikirekodi hewa. Zile -reconnect husaidia kwenye mkatiko mfupi tu. Rekodi hizo ni za masikio yako. Usizipandishe mtandaoni, watunzi na wapigaji wanaishi kwa haki zao.

Bando likiisha

Chukua redio ya mkulima yenye masafa ya kati na masafa mafupi. Muziki mpya hutaukuta humo, ila Cage aliikuta ala. Mwaka 1951 aliandika Imaginary Landscape No. 4 kwa redio 12 na watu 24, wawili kwa kila redio: mmoja anazungusha kituo, mwenzake anashika sauti. Ilipigwa New York usiku sana, vituo vingi vikiwa vimeshafunga, na kilichotoka kilikuwa kidogo na cha chini.

Nyumbani redio mbili na watu wanne wanatosha. Giza likiingia, zungusha kwenye mita 49 (kHz 5900 hadi 6200) au mita 31 (kHz 9400 hadi 9900). Funga waya wa mita tano hadi kumi kwenye antena, uupitishe nje ya dirisha. Ukisikia mlio mmoja unaovuma kila mahali bila kubadilika, hiyo si anga, ni chaja ya simu au taa ya LED ya bei rahisi. Chomoa moja moja mpaka umkamate mkosaji. Andika kwenye karatasi dakika nne, kila sekunde kumi ikiwa na namba ya kituo kwa mmoja na namba ya sauti, 0 hadi 10, kwa mwingine, na namba zote zitoke kwenye dadu au karata. Saa moja iwekwe mbele ya wote. Sauti ikiwa 0, anayeshika kituo asisimame: aendelee kuzungusha kama karatasi inavyosema, ili mwenzake akifungua tena wote wanne wakute mahali ambapo hakuna aliyepachagua.